Mwanza Inasemaje

Mwanangu Nyangeta,

Sasa hivi umegeuka ukalalia sikio la kushoto. Nimekuona kupitia mlango. Ulikuwa umelala chali, mkono juu ya macho, halafu ukavuta kanga yangu mpaka shingoni, ukaelekea ukutani, na sikio lako linalosikia ukalizika kwenye mto. Tangu mdogo unafanyaga hivyo ukichoka na watu. Wengine hufunga mlango, wewe unalalia sikio. Hata nikigonga sufuria sasa hivi hutanisikia. Kwa hiyo nimekaa hapa kizingitini, dagaa zimetandazwa kwenye nyavu mbele yangu, jua bado lipo juu ya miembe ya jirani, na ninaandika.

Umechoka na mimi, najua. Umelala ukiamini kesho huondoki, na aliyekuambia hivyo ni mimi. Nilichokuambia siyo kweli. Naandika mapema kabla sijaanza kuzungusha maneno: kesho ndege yako ya kutoka Mwanza kwenda Dar itaruka, mama, na wewe unatakiwa uwe ndani yake. Chuo cha Mtwara kinafunga mlango keshokutwa. Kwa mabasi, kutoka huku Musoma mpaka kule, utakuwa bado njiani wakati wenzako wanapewa vitanda. Tiketi aliyokukatia mjomba wako ni hiyo moja. Ukikosa kesho, umekosa.

Sasa nikueleze nilivyokosea, na kwa nini nimekaa kimya tangu mchana.

Mambo ya nguo na chakula siyaandiki. Mjomba wako atakusumbua nayo ya kutosha, na bibi yako jana huko Butiama naona alishakumalizia mengine yote. Ulivyorudi ukanisimulia alivyokupulizia maji kifuani kukubariki, halafu akasema, "Mwambie mama yako asikusindikize. Abaki na dagaa zake. Yule akiona ndege anashusha abiria." Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta ungo.

Hadithi ile unaijua, kila mtu kwenye ukoo anaijua, imeshakuwa ya kuchekea msibani na harusini. Ila wanavyoisimulia wao inaanzia pale nilipomtukana yule kijana wa ndege. Mimi nataka ujue ilipoanzia.

Ulikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa na ishirini na nne, mtoto na mtoto. Sikio lako la kulia lilikuwa linatoka usaha tangu masika, nikawa natia mafuta ya vuguvugu kama nilivyoonyeshwa, linakauka, linarudi. Sista wa zahanati ya Nyegina akalimulika na tochi, akasema hapa bado kuna kitu cha kuokoa, lakini siyo kwa mkono wangu. Yeye ndiye aliyehangaika. Akapata daktari wa masikio Dar, akapata wafadhili, akapata nafasi mbili kwenye ndege ndogo iliyokuwa inatua hapa kwetu. Daktari alikuwa anapita tu, anarudi kwao wiki ileile. Ndiyo maana ikawa ndege.

Nilikushonea gauni la njano. Nilikupaka mafuta mpaka ukawa unateleza. Tulitoka hapa Bweri na bodaboda asubuhi, wewe katikati, ukimwambia kila mtu tunayempita, "Naenda juu!"

Siku ile mbingu ya Musoma ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa kwa majivu. Hapakuwa na wingu hata la kumfunika kuku. Na mimi mbingu naijua, mwanangu. Hilo ndilo lililonimaliza. Sikusoma sana, kidato cha pili niliondoka na wewe tumboni, ila kwenye mchanga wa dagaa hakuna anayenifundisha. Naonaga mvua kabla haijajijua. Wenzangu walikuwa wakiniona naanua, na wao wanaanua. Tangu nianze kazi hii sijawahi kunyeshewa dagaa hata debe moja. Nilikuwa najivunia hilo kama mwingine anavyojivunia cheti.

Basi tukakaa. Saa ya ndege ikafika, ndege hakuna. Kijana wa kampuni ile akatoka na karatasi yake, akatuambia, "Jamani, tusubiri. Hali ya hewa mbaya."

Nikatazama juu. Nikamtazama yeye. Nikasema, "Hali ya hewa ipi?"

"Mwanza, mama. Kuna mvua ya radi. Ndege iko Mwanza, haiwezi kutoka."

"Radi na jua hili?"

"Mama, jua liko hapa. Radi iko Mwanza."

"Mwanza ni ng'ambo ya bahari? Si ziwa hilihili?"

Watu wakacheka, nikajiona nimeshinda. Wakati huohuo akaingia bwana mmoja na suti, na begi la magurudumu, akamnong'oneza yule kijana, wakatutazama. Walitutazama tu, Nyangeta. Labda alikuwa anauliza choo. Lakini mimi kichwani nikaona kila kitu: nafasi zetu anapewa mkubwa, sisi tutaambiwa radi, radi, mpaka tuchoke twende nyumbani. Nilikuwa nimeshazoea kuambiwa subiri na watu ambao hawana nia ya kurudi. Baba yako alisema nisubiri, akaenda visiwani kuvua, akajenga mji mwingine huko. Shuleni walisema nisubiri niitwe baada ya kujifungua, sikuitwa. Kila aliyeniambia subiri alikuwa ananiambia ondoka kwa heshima. Masikio yangu mimi mazima yote mawili, ila neno hilo nalisikiaga vibaya mpaka leo.

Nikasimama. Nikamwambia yule kijana maneno ambayo bibi yako anayapenda sana kuyarudia, siyaandiki hapa. Nikakushika mkono. Ukasema, "Mama, bado ndege." Nikasema, "Ndege hakuna, wametudanganya." Sista hakuwepo, angekuwepo angenikalisha. Mama mmoja mwenye kikapu aliniambia, "Binti, kaa, kukaa hakulipiwi." Nikampita.

Tulikuwa tumefika Mwisenge, bodaboda imesimama dukani dereva anunue vocha, tukaisikia. Ilikuja kutoka upande wa Bunda, chini kabisa, ikimeta. Wewe ndiye uliyeiona kwanza. Ukaruka kwenye kiti ukaipungia mikono miwili na lile gauni la njano, unacheka, "Mama, imekuja! Umesema hakuna, imekuja!"

Nilimwambia dereva geuza. Aligeuza, alikimbiza kama tumeiba. Tulifika inawasha, imeshafunga mlango. Yule kijana alinitazama, hakunisema chochote, na mpaka leo ningependa angenisema. Wewe ukaipungia tena ikiondoka. Ulifikiri ndivyo safari ilivyo, watu wanakwenda uwanjani kupunga.

Daktari mwingine tulimpata mwaka uliofuata, hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa basi. Akalimulika akasema, ungemleta mapema. Basi. Sentensi hiyo moja. Nimelala nayo kitanda kimoja miaka yote hii.

Wewe hujawahi kunilaumu. Unalifanyia utani. Mtu akikusema vibaya upande wa kulia unasema, "Huko ofisi imefungwa." Nikikusikia nacheka, na kitu kinanikata hapa chini ya titi. Ningependa siku moja ungenigombeza, ili nami nijue nijibu nini.

Sasa nikuambie nilivyojifunza, maana wewe unaona tu mama anasoma vitu kwenye simu kila asubuhi, hujui vilitoka wapi.

Baada ya ile ndege nilianza kupeleka chai na vitumbua uwanjani, nje ya uzio. Sikwenda kutafuta hela tu. Nilitaka kumkamata yule kijana anadanganya. Nilijisemea, nikimkamata siku moja tu, anasema radi na hakuna radi, basi hata siku ile alidanganya, na mimi nitakuwa sina kosa. Nilikaa kama paka mlangoni mwa panya. Wiki zikapita.

Pale alikuwepo bwana mmoja mpimaji wa hali ya hewa, Masatu, mwenye kitambi na miwani ya kamba. Alikuwa na kile kibanda cheupe cha mbao chenye vipimajoto ndani, na kazi yake ilikuwa kuchungulia kila saa na kuandika. Siku moja ananunua kitumbua nikamwuliza, "Bwana Masatu, hivi inawezekana jua liwe hapa, na Mwanza iwe radi, saa ileile?"

Akacheka, vipande vikamtoka mdomoni. "Kumbe wewe ndiye yule uliyejishusha kwenye ndege!"

"Sikujishusha. Sikupanda."

"Haya. Hapa kwetu pakoje?"

"Jua."

"Njoo." Akanionyesha kwenye kompyuta yake mstari mmoja wa herufi na tarakimu, kama nambari ya siri. Akaweka kidole kwenye herufi nne, TSRA. "TS ni radi, RA ni mvua. Hii ni Mwanza, sasa hivi unavyotafuna kitumbua changu."

Sikumwamini. Nikampigia palepale Mama Pendo, yule mnunuzi wangu wa dagaa wa Mwanza, nikamwuliza kwenu kukoje. Sikumsikia vizuri. Alikuwa anapiga kelele, "Nini? Sikusikii! Mvua! Mabati yanalia!"

Nilikata simu nikakaa chini kwenye mchanga. Bwana Masatu akafikiri nimefiwa. Nilikuwa nimekwenda kutafuta uongo wa mtu, nikakutana na ujinga wangu. Mwanika dagaa anajua mbingu iliyo juu ya mchanga wake tu. Ndege haijali mchanga wangu. Inauliza kule inakotoka kukoje, na kule inakokwenda kukoje, na hapo katikati. Mimi nilikuwa nimeisoma vizuri kabisa mbingu isiyohusika.

Akanifundisha. Tulikuwa tunalipana, herufi kwa kitumbua. Nilikuwa mzito, ila hata ningekuwa kipofu ningejifunza, maana nilikuwa na deni kwako la kusoma ule mstari.

Ukifika Mwanza kesho, ndege ikichelewa, fungua simu utafute METAR ya HTMW. Hilo ni jina la Mwanza kwa watu wa ndege. HTDA ni Dar. Tafuta zote mbili, usiridhike na moja, kosa langu lilikuwa la mbingu moja. METAR ni hali ilivyo sasa, mtu kama Bwana Masatu ameitazama akaiandika. Utaona upepo unatokea upande gani na nguvu yake. Utaona 9999, ukiiona hiyo furahi, maana yake macho yanafika mbali, kilomita kumi na kuendelea. Ikipungua sana, pengine kuna ukungu, na ukungu hauna haraka ila huwa unaondoka jua likipata nguvu. Mawingu wanayaandika kwa kuyakadiria, FEW ni machache kama kuku waliobaki baada ya sikukuu, BKN ni mengi, OVC yamefunika kabisa. Hayo yote peke yake yasikutishe, ndege inapita juu yake. Linalotisha ni CB. Hilo ni wingu la radi, lile refu unaloliona ziwani jioni limesimama kama mlima wenye kichwa. Rubani habishani na CB. Analizunguka au anangoja. Ukiona CB au TS imekaa palepale uwanjani, jua kwamba anayekuambia subiri anakutakia mema.

Nimeandika hayo halafu nimecheka peke yangu. Mimi sijawahi kupanda ndege. Mtu akinisikia navyosoma METAR ataniona rubani, kumbe ni mwanamke ananuka dagaa. Nafahamu tu kwa kusubiri upande wa nje wa uzio.

Halafu kuna TAF. Hiyo siyo ilivyo sasa, ni wanavyotazamia. Na humo utakuta neno TEMPO. Lishike hilo. TEMPO maana yake ni kwa muda tu, linakuja linapita, siyo siku nzima. Watu wengi wakiona TSRA wanaona mwisho wa dunia, hawaoni TEMPO iliyotangulia. Mimi pia.

Sasa tumefika kwenye mchana wa leo.

Ulikuwa umemaliza kufunga begi, umelikalia zipu ifunge. Ukaniuliza vile tunavyoulizana kila asubuhi badala ya shikamoo, "Mama, Mwanza inasemaje?" Nikafungua TAF ya kesho. Nikaona TEMPO, nikaona TSRA, nikaona saa zake, kuanzia 03 mpaka 06. Nikakuambia, "Radi. Saa sita mpaka saa tisa."

Ukasema taratibu, "Ndege yangu saa nane."

Nikasema, "Ndiyo hivyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuone, mwanangu. Pengine usiende kuhangaika bure. Pengine mjomba wako aongee na chuo."

"Chuo hakisubiri, mama."

Ukalishusha begi kwenye kiti, ukalisimamisha pembeni kule kwenye ndoo za maji, ukasema, "Basi mpigie Chacha wa bodaboda asije asubuhi." Ukaenda kulala. Hukulia. Uliniamini moja kwa moja. Mtoto aliyekosa sikio kwa sababu ya mama yake kusoma mbingu vibaya, mama akisoma tena, anaamini.

Nikabaki na simu mkononi. Na hapo ndipo nilipoona.

Saa za watu wa hewa siyo saa zetu. Wana saa moja ya dunia nzima, inaandikwaga na Z mwishoni. Bwana Masatu alinifundisha uongeze tatu upate saa ya Tanzania. Tatu ongeza tatu ni sita. Sita ongeza tatu ni tisa. Hesabu ya darasa la kwanza. Lakini hiyo sita ni sita ya Kizungu, ya kwenye simu, na sita ya Kizungu kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi! Na tisa yao kwetu ni saa tatu asubuhi. Radi ya kesho inaanza jua likichomoza, inaisha saa ya chai. Saa nane mchana TAF haina radi. Ina mawingu machache na 9999.

Kosa hili hata siku za kwanza nililifanya. Nilimwambia Bwana Masatu kwamba mvua fulani itanyesha saa tisa, akavua miwani akasema, "Mama Nyangeta, saa tisa ipi? Usiku unaanikaga dagaa?" Akanipa njia ya mkato. Ukitaka saa ya Kizungu, ongeza tatu. Ukitaka saa ya mama yako, toa tatu. Sita toa tatu, saa tatu. Tatu toa tatu hakuna kitu, na penye hakuna kitu ndipo saa kumi na mbili. Nimeitumia njia hiyo miaka, sijakosea. Leo nimekosea.

Najiuliza kwa nini leo. Nadhani unajua kwa nini leo.

Lakini kukosea siyo kinachonikalisha hapa kizingitini. Kukosea ningekuja nikakutikisa bega, tukacheka. Kilichotokea ni kwamba niliona kosa, nikakutazama umelala, nikakaa kimya. Nilihisi kitu kikishuka kifuani, kama mtu aliyetua ndoo. Nikajisemea, atabaki. Nilifurahi, Nyangeta. Kwa muda wa kugeuza nyavu tatu za dagaa nilikuwa mama mwenye furaha. Nikapanga mpaka biashara tutakayofanya, mimi na wewe, tufungue kibanda Mwisenge, wewe upokee wateja upande wa kushoto. Nikaona mwaka mzima. Na wakati wote huo begi lako liko pale kwenye ndoo, zipu imefungwa.

Ile ya kwanza nilikukosesha kwa kutojua. Leo nilikuwa najua. Unaona tofauti? Mimi ninaiona, na hakuna mwingine wa kuitamka, hata bibi yako na ulimi wake hawezi kuifikia.

Naogopa. Nitakuambia kitu ambacho sikukuambia. Nikikuona unaondoka namwona yule mtoto wa gauni la njano anapunga. Naona kama niliyekuharibia lazima nibaki karibu nikulinde, nikae upande wako wa kulia maisha yote nisikie kwa niaba yako. Lakini wewe hujaniomba hilo. Ulivyokuwa kidato cha nne uliwaambia walimu mwenyewe kwamba unakaa mbele kulia kwa ukuta ili darasa lote liwe upande wako mzima, nilikuja kujua siku ya mahafali. Wewe ulishamaliza na lile sikio zamani. Mimi ndiye bado nalitia mafuta.

Kwa hiyo nisikilize, yaani soma.

Kesho Chacha anakuja alfajiri. Sikumpigia. Hicho kimoja nilikifanya sawa, au sikukifanya, hata sijui. Basi la Mwanza linatoka kunapambazuka. Mkifika Bunda utatazama upande wa Mwanza, na utaona kumejaa weusi, pengine utaona na umeme. Kwenye basi kutakuwa na mtu atasema, leo ndege hazirushwi. Usishuke Bunda. Usinipigie, maana nikisikia sauti yako nitakuambia rudi. Ni ile radi ya asubuhi, iko kwenye saa zake, TEMPO. Ninyi mnaifuata, yenyewe inamalizika. Mkifika Mwanza mtakuta barabara zimelowa na jua linatoka, na Mama Pendo anaanika upya.

Uwanjani kaa sikio la kushoto likiwa upande wa kipaza sauti, ila usikitegemee, kinakoroma. Mwambie wa mezani kwamba upande huu husikii, akuite kwa mkono. Usione haya, haya yote nilishayamaliza mimi pale kwetu. Wakisema subiri, usifanye kama mama yako. Muulize, "Wapi kubaya?" Swali hilo tu. Kama ni Dar, soma Dar. Kama ni Mwanza, soma Mwanza. Kama kote kuzuri, basi ni mambo yao mengine, kaa tu, kukaa hakulipiwi. Yule mama wa kikapu sikumjua jina. Ningemjua ningekupa wewe uitwe hilo.

Na ndege ikifika juu mawinguni ikatikisika, sijui inatikisikaje, wewe utakuja kunieleza. Nimeisoma miaka kumi na moja, sijui harufu yake. Nataka unipigie ukifika, uniambie mawingu yakoje kwa juu. Siku zote nayaona tumbo.

Mimi nitakuwa hapa na simu, nimefungua HTMW na HTDA, natoa tatu. Siyo kwa kukuzuia. Nataka tu, ile saa nane, nijue mbingu iliyo juu yako badala ya hii iliyo juu yangu. Nadhani ndicho mama anachobaki nacho, na kwangu kinatosha, na kama hakitoshi nitakizoea.

Nilitaka barua hii uikute kwenye begi ukiwa kwenye basi, ili nisione uso wako ukisoma pale niliposema nilifurahi. Lakini nikingoja uisome kwenye basi, leo utalala ukiamini uongo wangu, na pengine alfajiri utakataa kuamka. Kwa hiyo haifai kungoja. Nitaitia kwenye begi, sawa, ila kwanza inabidi nilisogeze begi lenyewe kutoka kwenye zile ndoo nilirudishe kwenye kiti, na niseme kwa mdomo wangu, na

Umeamka. Nasikia kitanda kinalia. Unaniita, "Mama, ulishampigia Chacha asije?" Nakuja, mwanangu, nakuja nikae upande wako wa kushoto, nikuambie kwamba